SOMO: Kushona na kudarizi joho la gombo la Torati (soma lote ndipo uulize)

Kila nikiweka picha ya kazi, maswali ni yale yale. Hiyo nguo ya nani? Unapimaje? Zari ya gauni la harusi inafaa? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye inboksi, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa, asinione nina maringo.

Kwa asiyejua: gombo la Torati ni ngozi ndefu iliyoandikwa kwa mkono na kuviringishwa kwenye miti miwili. Wayahudi wa Kiashkenazi, yaani wenye asili ya Ujerumani, Poland na kwingineko huko, hulifunga mshipi, wakalivisha joho liitwalo me'il, kisha juu yake huning'iniza ngao ya fedha na kuweka taji au komamanga za fedha kwenye ncha za miti. Hapa nafundisha joho hilo tu. Wayahudi wa Iraq na Yemen huweka gombo ndani ya kasha gumu la mbao au madini, tik, basi joho la namna hii halina kazi kwao. Wenye asili ya Uhispania na Ureno, kama wale wa Amsterdam na London, joho lao ni pana, limetanuka chini kama sketi, na ukataji wake ni somo jingine. Mteja akikwambia "joho la Torati", muulize la kina nani. Picha ya mtandaoni haitakwambia.

Mimi nilianzia kasula na stola za kanisani. Mkono wa zari ni ule ule, sheria ndizo tofauti.

Vifaa. Mahameli ya pamba (ya poliesta inateleza, utalia). Marekani nzito ya kutanda chini. Satini ya pamba kwa bitana. Felti ya manjano. Zari ya kulaza, na zari ya springi ya kukata vipande. Uzi wa hariri, nta ya nyuki, sindano namba 10, sindano moja nene yenye tundu pana, subana. Fremu ya mbao ya mstatili; fremu ya duara iache kabatini kwa sababu inavunja manyoya ya mahameli na alama haitoki. Ubao mwembamba wa plaiwudi, milimita 4. Matamvua wakitaka.

Hatua ya 1. Zungumza na rabi kabla ya kununua kitambaa. Kumbukumbu la Torati 22:11 inakataza kuvaa nguo iliyochanganya sufu na kitani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, Kilayim 9:3, inasema vitambaa vya kufungia magombo havimo kwenye katazo hilo, na palepale Rabi Eliezeri anakataa. Fundi usijiingize kwenye ubishi wa zamani hivyo. Tatizo ni kwamba darizi ya zari ya Ulaya imezoea kutanda kitani chini na kujazia felti ya sufu juu, yaani mchanganyiko wenyewe hasa, na hakuna anayeuona kwa sababu umefichwa ndani. Ndiyo maana nimesema marekani. Ukitaka felti ya sufu, hakikisha hakuna kitani popote, hata uzi wa kushikizia.

Hatua ya 2. Kupima. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu mahameli nzima, basi vumilieni maelezo.

Gombo halina unene mmoja. Torati husomwa kidogo kidogo kila wiki mpaka iishe kwa mwaka. Mzunguko huo wa usomaji ukianza, karibu ngozi yote imelala kwenye mti mmoja na mti wa pili ni mwembamba. Wiki zikisonga, ngozi inahama, na kufikia Mambo ya Walawi, kitabu cha katikati, miti yote miwili imelingana. Ngozi ni ile ile, ila mzunguko wa nje haubaki ule ule. Chukua gombo ambalo upande uliojaa una kipenyo cha sm 16 na mti mtupu sm 4. Ukizungusha tepu hapo utapata kama sm 55. Likigawanyika nusu kwa nusu, tepu ile ile itasoma karibu sm 60. Umbali kati ya miti nao, ukipima katikati hadi katikati, unatoka sm 10 na kukaribia sm 12.

Sasa tuseme umeitwa kupima baada ya Simhat Torah, mwezi wa 9 au wa 10, sikukuu ambayo gombo hurudishwa mwanzo. Umepima vizuri, umeshona vizuri, limevaa vizuri, wamekushukuru. Mwezi wa 4 halipiti. Wala hawatakupigia simu. Watalivisha gombo joho la zamani na lako litakaa kabatini. Kwa hiyo:

- Waombe walizungushe gombo hadi katikati, wao wenyewe. Ngozi haiguswi kwa mkono mtupu, hata na wao. Ndiyo maana msomaji hufuata mistari kwa kijiti cha fedha.
- Ikishindikana, ongeza angalau sm 6 kwenye mzunguko uliopata.
- Pima mshipi ukiwa umefungwa. Mshipi nao una unene.
- Kama miti ina sahani za mbao juu na chini, pima kuzunguka sahani pia, maana joho lazima lizipite.
- Urefu: toka juu ya sahani ya juu mpaka mwisho wa ngozi chini, ongeza sm 3. Vishikio vya chini vibaki wazi, ndivyo wanavyonyanyulia.
- Matundu mawili ya ubao wa juu yasiwe duara kamili. Yarefushe kwa upana ili miti ipate pa kusogea.

Na msiniombe "vipimo vya kawaida". Mwaka 1964 magombo 1,564 ya Bohemia na Moravia (Ucheki ya leo) yaliyonusurika enzi ya Wanazi yaliletwa kutoka Prague hadi Westminster Synagogue, London. Yapo marefu ya kumshinda mtu kubeba na yapo mafupi ya kubebwa na mtoto. Kila gombo lina kimo chake.

Hatua ya 3. Kata mahameli mstatili, sm 10 za ziada kila upande, manyoya yakilala kuelekea chini. Umbo la joho utalikata darizi ikiisha.

Hatua ya 4. Herufi. Maneno yanayoombwa sana ni Keter Torah, taji la Torati, na ule mstari wa Mithali 3:18 kwamba yeye ni mti wa uzima kwa wale wamshikao. Kiebrania kinatoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, lakini herufi hazishikani, na zipo pacha za kukupoteza: dalet na resh (ד ר), he na het (ה ח), bet na kaf (ב כ), mem ya mwisho na samekh (ם ס). Tofauti ni kona au mwanya mdogo, na zari inapenda kuviringisha kona na kuziba mwanya. Chora herufi kubwa kuliko unavyodhani inatosha; chini ya sm 4 usikubali.

Usichukue maandishi kwenye picha usiyoielewa. Herufi mbili nzuri zilizopambwa, pe na nun, ni za makaburini: maana yake "hapa amezikwa". Jina la Mungu la herufi nne usilidarizi hata likiwa kwenye mstari waliokupa. Muulize rabi, kwa kawaida watataka lifupishwe kwa he moja yenye alama. Mchoro wa karatasi, ukubwa kamili, usainiwe na rabi au mtu wa sinagogi. Bila saini sichomi sindano.

Hatua ya 5. Tanda marekani kwenye fremu mpaka ilie kama ngoma, shikiza mahameli juu yake, kisha kaza tena.

Hatua ya 6. Kuhamisha mchoro. Kalamu haishiki kwenye mahameli. Chora kwenye karatasi nyepesi, iweke juu ya mahameli, pita na jongo dogodogo kufuata mistari, chana karatasi. Ukichagua kuchora nyuma, kwenye marekani, kumbuka mchoro lazima ugeuzwe kama kwenye kioo, vinginevyo utadarizi maneno ya kinyumenyume kwa wiki nzima huku ukijisifu.

Hatua ya 7. Zari. Kata felti kwa umbo la herufi, ndogo kidogo kuliko mstari, ishikize. Zari haipiti kitambaani; inalazwa juu, nyuzi mbili mbili, na kushikizwa kwa uzi wa hariri uliopakwa nta. Mishono ya mstari wa pili iangukie kati ya mishono ya mstari wa kwanza, kama matofali. Kwenye kona, shikiza uzi mmoja kwanza ndipo wa pili, ili ncha ibaki kali. Miisho ya zari ivute nyuma kwa sindano nene, ipinde, ishone chini, kata. Zari ya springi kateni juu ya kipande cha mahameli, vipande havitaruka.

Hatua ya 8. Toa kwenye fremu. Usipige pasi mbele. Kata umbo, unga mshono wa ubavuni.

Hatua ya 9. Bitana. Wengi hulipua hapa kwa kuwa haionekani. Bitana ndiyo inayogusa mshipi na ngozi, kila inapovishwa na kuvuliwa. Ncha moja ya zari iliyochomoza itakwaruza ngozi ya gombo lililomchukua mwandishi mwaka mzima au zaidi. Pitisha kiganja, halafu pitisha soksi ya nailoni uliyovaa mkononi. Ikinasa popote, rudi ukashone.

Hatua ya 10. Funika ubao kwa mahameli juu na bitana chini, kingo za matundu zikunjwe na kushonwa kwa mkono, unga na joho, weka matamvua. Kwisha.

---

MASWALI NA MAJIBU

KingKibra: Somo zuri. Sasa vipimo vya kawaida ni ngapi kwa ngapi?

SindanoNaZari: Hatua ya 2.

KingKibra: Nimesoma, lakini mteja yuko mbali, anataka bei leo.

SindanoNaZari: Akutumie mzunguko, urefu, na umbali wa miti, gombo likiwa katikati. Hawezi kupima, wewe huwezi kutaja bei. Usikisie kwa pesa ya mtu.

Mama Zaituni_Tanga: Shikamoo somo. Mashine ya darizi ya kompyuta haiwezi hii kazi? Mkono utachukua miezi.

SindanoNaZari: Marahaba mwanangu. Inaweza, na majoho mengi yanayouzwa leo ni ya mashine, sina ugomvi nayo. Weka juu ya mahameli ile karatasi ya plastiki inayoyeyuka kwa maji, la sivyo mishono itazama kwenye manyoya. Herufi usiziandike kwenye programu isiyojua Kiebrania. Itazipanga kutoka kushoto na wewe hutajua. Ingiza mchoro uliosainiwa kama picha.

Fundi Wanale: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni fundi nguo Mbale, Uganda. Majirani zetu Abayudaya wameniuliza kama naweza kuwashonea joho. Mahameli nzuri hapa ni ghali na vumbi letu jekundu unalijua. Kitenge kitakubalika au nitaonekana nadharau?

SindanoNaZari: Swali zuri sana hili. Hakuna sheria inayosema mahameli. Mahameli ni desturi ya Ulaya tu. Wayahudi wa dola ya Uturuki walitoa hata magauni ya harusi yaliyodariziwa kwa dhahabu yakageuzwa mapazia na majoho ya sinagogi. Na jumuiya ya Mbale ina miaka zaidi ya 100, tangu Semei Kakungulu alipoianzisha mwaka 1919, hawahitaji kuiga Prague ndipo waonekane Wayahudi. Waulize wao wanataka nini, halafu fanya hivi:

Chagua kitenge kizito cha pamba tupu. Lowesha pembe, sugua kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kirudishe dukani. Angalia michoro yake pia, isiwe na picha ya mtu au nembo ya siasa, nimeona vitenge vya kampeni vikikatwa bila kutazamwa. Kitande juu ya marekani kama nilivyosema, ndipo kibebe uzito wa zari. Kwa vumbi, acha matamvua, yanalikusanya. Waulize pia kama wanataka la pili jeupe, kwa sababu Rosh Hashana (mwaka mpya wao) na Yom Kipuri (siku ya upatanisho) sinagogi nyingi huvisha magombo majoho meupe. Wakikubali, una kazi mbili.

Fundi Wanale: Asante sana mwalimu. Hilo la joho jeupe sikulijua kabisa. Na kama wanataka maneno ya Kiluganda pamoja na Kiebrania?

SindanoNaZari: Inawezekana, watu wamedarizi lugha zao kwenye nguo hizi tangu zamani, hasa majina ya waliotoa. Kiebrania kiwe katikati kifuani, Kiluganda chini karibu na pindo. Acha nafasi wazi pale ngao ya fedha inapolala, maana itafunika chochote utakachoweka. Wapimie na ngao yao kama wanayo.

Mtazamaji77: Samahani, lakini wewe si Myahudi. Wanakuachaje ushike vitu vyao vitakatifu? Naona kama biashara tu.

SindanoNaZari: Ni biashara, nalipwa, na risiti natoa. Gombo lenyewe siliandiki. Hilo ni la mwandishi wao, sofer, mwenye kanuni zake. Joho ni kazi ya ushonaji iliyoagizwa na rabi. Huko Ulaya, Wayahudi walipozuiwa kuingia vyama vya mafundi, mataji na ngao zao nyingi zilifuliwa na wafua fedha Wakristo. Kama una swali la kushona, karibu.

Bint_Kisauni: Dada, wamenipa joho la zamani nichukulie vipimo, limechakaa sana. Wakisema hawalitaki naweza kulifanya mto? Darizi yake nzuri.

SindanoNaZari: Hapana. Na usilichukulie vipimo, pima gombo.

Bint_Kisauni: Sawa, sikukusudia kudharau. Nataka tu kuelewa, mbona kitambaa kikiisha kazi bado kina masharti?

SindanoNaZari: Umeuliza vizuri, nami nilijibu kwa mkato. Kwao kitu kilichohudumia gombo kinabeba utakatifu hata kikichakaa, kwa hiyo hakitupwi. Huwekwa geniza, mahali pa kuhifadhi maandiko na vyombo vilivyokwisha, na baadaye huzikwa. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, Megila 26b, inaruhusu vitambaa vya magombo vilivyochakaa vifanywe sanda ya maiti asiye na wa kumzika, na inasema huko ndiko kuhifadhiwa kwake. Mrudishie mteja joho zima, na vipande ulivyopunguza usitie kwenye pipa la taka. Darizi ukiipenda, ichore kwenye daftari.

Mwanafunzi_Leipzig: Shangazi, niliona makumbusho moja huku Ujerumani ukanda mrefu wa kitani wenye jina la mtoto, samaki, na hema la harusi. Nao ni wa Torati?

SindanoNaZari: Ndiyo, huo ni wimpel, mshipi wa kufungia gombo kabla ya joho. Desturi ya Wayahudi wa Ujerumani. Kitambaa alichofungwa mtoto wa kiume siku ya tohara, ya nane, kilifuliwa, kikakatwa vipande vinne hivi, vikaungwa kuwa ukanda wa kama mita 3. Mama au bibi akadarizi jina la mtoto, la baba, tarehe, na dua kwamba akue aifikie Torati, hema la harusi, na matendo mema. Samaki ni alama ya nyota ya mwezi wake. Mtoto akifika miaka mitatu hivi, anaupeleka mwenyewe sinagogi. Ukitazama tena, angalia herufi zinavyogeuzwa ndege na maua. Mwanya wote umejazwa. Italia nako wanawake walitia majina yao kabisa: lipo pazia la Venezia la karne ya 17 lenye jina la Simha mke wa Menahem Levi Meshullami. Ukipata nafasi ya kwenda Prague, makumbusho yao ya Kiyahudi, ya tangu 1906, ina nguo za sinagogi kwa maelfu. Nenda na daftari, kamera peke yake haitoshi.

Kofia_za_Lamu: Mimi ni mshona kofia. Mchoro sisi tunautoboa kwenye karatasi, tunapitisha unga wa mkaa. Kwa nini uhangaike na jongo?

SindanoNaZari: Kwenye mahameli unga unapotea ndani ya manyoya kabla hujageuka. Kwa ule upande wa marekani, njia yako ni bora kuliko yangu, na faida nyingine: karatasi ikishatobolewa unaigeuza tu, mchoro wa kioo umeupata bila kuchora tena.

Kofia_za_Lamu: Tumia sindano nyembamba na toboa ukiwa umeweka blanketi chini. Vitundu vinatoka sawa.

Babu Ali_Pemba: Zari ikifubaa, ndimu na majivu. Inang'aa kama mpya.

SindanoNaZari: Babu, heshima yako, lakini kwa hizi hapana. Zari nyingi za siku hizi ni shaba iliyopakwa tu. Ndimu itang'arisha leo na kula pako lote, na maji yake yatashuka mpaka kwenye mahameli. Brashi laini kavu, basi. Wala msihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, joto la pwani litaleta ukungu. Shuka la pamba lililofuliwa bila manukato linatosha.

Muscat_Bisht: Sisi wa mabishti (majoho ya Kiarabu) tukitaka kunyoosha upande wa zari tunalaza uso chini juu ya kipande cha mahameli nyingine, manyoya kwa manyoya, mvuke kutoka nyuma. Haibanwi.

SindanoNaZari: Hiyo ninaitia kwenye hatua ya 8. Mvuke kiasi gani? Marekani yangu hujikunja.

Muscat_Bisht: Ifue na kuianika kabla ya kuitanda. Hujafua, sivyo?

SindanoNaZari: Sijafua. Haya, hatua ya 5 nayo nitairekebisha: marekani ifuliwe kwanza.